Ruhusa Mbili, Sauti Hakuna

Alhamisi, Bariadi. Jua limechoma tangu asubuhi, na upepo umeshinda ukisukuma vumbi kutoka barabara kuu pamoja na zile nyuzi za pamba zinazodondoka kwenye malori msimu huu wa mauzo. Zimenasa kwenye wavu wa dirisha la ofisi yangu. Siku nyingine huwa napenda kuziangalia. Leo hata hizo zimeniudhi.

Nina hasira.

Naliandika neno hilo mapema kwa sababu najijua. Nikichelewa nitaanza kulipamba, nitasema nimesikitika kidogo, nitasema nimejifunza mengi, na shajara hii ya mtandaoni itageuka ripoti ya robo mwaka. Sijasikitika. Nina hasira mpaka chai imenishinda, na mimi chai huwa hainishindi.

Kwa wasiojua ninachofanya: mimi ni mtu wa kompyuta katika kituo kidogo kinachoandaa masomo ya kusikiliza kwa wanafunzi wasioona. Walimu wanakuja kwenye chumba chetu chenye magodoro ukutani, wanasoma na kueleza kwa sauti, sisi tunarekodi na kuweka kwenye tovuti. Mwanafunzi huko shuleni kwake anafungua kishikwambi, kinamsomea maandishi yaliyo kwenye kioo, anafika kwenye somo analolitaka, anabonyeza, anasikiliza. Watu wakiniuliza kwa nini sijahamia Dar kama wenzangu niliosoma nao, jibu langu ni hicho chumba cha magodoro.

Minza ni mmoja wa wasikilizaji wetu. Yuko kidato cha nne, shule ya bweni upande wa Maswa. Kwao ni Sola, alikozaliwa mama yangu, kwa hiyo tangu siku ya kwanza ameniita dada na mimi nimekubali udada huo kwa mikono miwili. Haoni tangu utotoni. Anataka kusomea tiba ya viungo, kukanda na kunyoosha watu waliovunjika, na ameshaambiwa na watu wazima wenye akili zao kwamba asiyeona aachane na Biolojia, ashike masomo ya kukariri.

Kinachomtesa kwenye Biolojia ni michoro. Kitabu chake cha nukta nundu kinamwambia angalia mchoro, halafu mchoro wenyewe haupo. Mwalimu mmoja wa kike alikaa kwenye chumba chetu likizo nzima akiieleza michoro yote kwa maneno, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Moyo aliueleza kama nyumba yenye vyumba vinne na milango inayofunguka upande mmoja tu. Minza aliposikiliza alinipigia simu kuniambia kwamba sasa ameuona moyo. Alisema hivyo, ameuona. Mwalimu huyo amehamishiwa Nyashimo na ana kazi yake huko. Kilichobaki kwetu ni sauti yake, na sauti hiyo iko kwenye mashine yetu.

Kesho asubuhi Minza ana mtihani wa majaribio wa Biolojia. Ndio mtihani anaotaka kuwaonyesha nao wale wenye akili zao.

Sasa nieleze kilichonichemsha damu.

Zamani mafaili yetu ya sauti yalikaa kwenye mashine za kukodi, huko ng'ambo. Mkuu wa kitengo chetu akaona tuwe na ghala letu wenyewe la mafaili, seva yetu, hapahapa ofisini. Lilikuwa wazo zuri na nilimuunga mkono. Nitamwita Mkuu tu, kwa sababu ndivyo anavyopenda kuitwa. Aliletwa kutoka makao makuu, ana shahada mbili na tabia moja: kitu chochote kinachotoka kwenye kitengo lazima kipite mkononi mwake, hata kama kimeshakamilika, hata kama ni tangazo la maji kukatika. Anakiangalia, anaongeza neno lake, ndipo kinakuwa kitu.

Ghala jipya lilipokuja tuligawana funguo. Mimi nilipewa nywila ya ghala lenyewe. Yeye alibaki na nywila ya lango, yaani ile programu inayokaa mbele ya ghala na kupokea kila anayekuja kutoka nje. Ilisemwa ni kwa ajili ya usalama. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja wenye funguo hizo watanuniana.

Kuhamisha ghala kuna jambo moja la lazima, na nitalieleza kwa lugha ya nyumbani. Tovuti yetu ina anwani yake, ghala lina anwani nyingine. Kivinjari hakikubali ukurasa wa anwani moja uchukue kitu kwenye anwani nyingine mpaka mwenye kitu aseme ameruhusu. Wenye fani wanaliita jambo hilo CORS. Kwa bibi yangu, huko Sola, mji umezungushiwa ua wa minyaa, na mgeni anasimama nje ya minyaa, anapiga hodi na kungoja. Hata akiona watu wamekaa uani wanachambua mboga, haingii mpaka wa ndani amkaribishe. Kivinjari kina adabu hiyohiyo. Ghala lisipojibu, kinageuza na kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo mtu anatakiwa aingie kwenye mipangilio ya seva aandike kwamba ukurasa wa anwani fulani umeruhusiwa kuchukua. Ni mstari mmoja.

Mkuu alihamisha ghala na mstari huo hakuuandika.

Tovuti ikafunguka vizuri tu. Majina ya masomo yapo, rangi zipo, picha ya mkurugenzi akikata utepe ipo. Sauti ndiyo haikuwepo. Mtu anayeona, tena fundi, anaweza kufungua dirisha la pembeni akaona maandishi mekundu yanayosema ombi limekataliwa. Asiyeona anasikia kishikwambi kikimwambia "Cheza, kitufe." Anabonyeza. Kimya. Anabonyeza tena. Kinamwambia tena, "Cheza, kitufe."

Matroni wa shule akapiga simu ofisini kueleza hali hiyo, na Jumatatu tukaiongelea kwenye kikao. Mkuu alijibu bila hata kuinua macho. Alisema binti huyo itakuwa habonyezi vizuri, hawa wanahitaji mafunzo zaidi.

Hawa.

Nilimjibu palepale mbele ya mkurugenzi. Nilisema binti anabonyeza vizuri kuliko sisi wote, na kwamba ghala ndilo halina ruhusa, na aliyelihamisha anajulikana. Sauti iliyonitoka sikuitambua. Mkuu alifunga kompyuta yake, akaendelea na ajenda. Mchana nikaingia kwenye ghala, nikaandika ule mstari, nikajaribu, sauti ikatoka. Jioni Minza akasikiliza mzunguko wa damu mpaka kengele ya kulala.

Tangu kikao hicho mimi na Mkuu hatujasalimiana.

Nataka mtu aelewe uzito wa sentensi hiyo. Nimelelewa na bibi ambaye hata mtu aliyekuja kumdai au kumgombeza alianza na mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akaulizwa watoto, akaulizwa ng'ombe, akaulizwa mvua, akajibu mhola, yaani salama, kwa kila kimoja, ndipo aliposema kilichomleta. Ugomvi ulikuwa na nafasi yake, baada ya salamu. Mimi nimekaa ofisi moja na mtu, ukuta mmoja kati yetu, tumepishana koridoni kila mmoja akiangalia simu yake kama imeletwa leo. Na sikuona aibu. Niliona nimeshinda.

Jumatano matroni akapiga tena. Sauti imekufa.

Nikaingia kwenye ghala. Mstari wangu upo palepale. Nikaufuta nikauandika upya. Nikaizima seva nikaiwasha. Nikamtilia shaka mtu wa mtandao, nikautilia shaka umeme, nikajitilia shaka mwenyewe. Ofisi ikafungwa sijapata kitu. Nikaenda nyumbani na kichwa kizito, nikala michembe ya viazi na karanga nikiwa nimesimama jikoni, nikiwaza maandishi mekundu.

Leo asubuhi ndipo nilipoyasoma vizuri yale maandishi. Jana niliyaangalia kwa pupa, nikadhani ni yaleyale ya mwanzo. Kumbe hayasemi ruhusa haipo. Yanasema ruhusa ziko mbili, na inatakiwa moja.

Mbili!

Kivinjari kilikwenda kuomba, kikajibiwa "Karibu" na ghala, halafu kikajibiwa "Karibu" tena na lango. Majibu mawili kwa hodi moja. Kwa mashine hilo si ukarimu uliozidi, ni nyumba isiyoeleweka, na kivinjari kinakataa kuingia nyumba isiyoeleweka. Nilikaa nyuma kwenye kiti nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Kwenye ghala ruhusa ni yangu. Kwenye lango anayeweza kuandika ni mtu mmoja tu.

Sikuhitaji upelelezi. Katibu muhtasi wetu, mama ambaye kila neno la ofisi hii linapita masikioni mwake, aliniambia kwamba Jumanne Mkuu alimweleza mkurugenzi kuwa suala la sauti amelishughulikia yeye mwenyewe. Na kweli alikuwa amelishughulikia. Lilikuwa limekwisha, linafanya kazi, mtoto anasikiliza mzunguko wa damu, yeye akaja juu yake akaongeza neno lake kama anavyoongeza kwenye tangazo la maji. Akaliua. Hakuniuliza, maana kuniuliza kungeanza na salamu.

Hapo ndipo chai iliponishinda.

Nilifikiria njia nyingine za kumfikishia Minza somo lake. Hakuna. Vishikwambi vya shule vimefungwa vifungue tovuti yetu tu, wafadhili waliogopa wanafunzi wataangalia video za muziki. Matroni ana kitochi, simu ndogo isiyofungua tovuti. Mwalimu mwenyewe, niliyewaza kumpigia simu, yuko Nyashimo na wanafunzi wake nao wako kwenye mtihani. Njia ilikuwa ni ileile moja, na kwenye njia hiyo ruhusa moja ilitakiwa iondoke.

Ya Mkuu siwezi kuigusa. Sina nywila ya lango.

Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo bado linaniuma. Nilifungua ghala nikaufuta mstari wangu. Mstari sahihi, niliouandika mimi, uliofanya kazi, nikaufuta ili wa kwake uliovuruga ubaki na aonekane ndiye aliyetengeneza. Nikajaribu kwa simu yangu, kwa bando langu, nje kabisa ya mtandao wa ofisi. Sauti ikatoka. Mwalimu akaanza kueleza jani la mmea, na mimi nikaizima haraka maana machozi ya hasira yalikuwa yananisogelea na sikutaka kumpa mtu raha hiyo.

Nilijiambia sawa. Asifiwe. Binti asikilize.

Minza alikuwa na mtihani wa Kiswahili asubuhi, kwa hiyo angeshika kishikwambi baada ya chakula cha mchana. Nikaenda kula na mimi. Nikarudi. Nikawa naangalia nyuzi za pamba kwenye wavu na kujifanya mtu aliyetulia.

Simu ikaita. Matroni. "Mwadila, mwanangu," akaanza na salamu yetu ya mchana, na nikaitikia, na tukaulizana hali zote kwa utaratibu, hata kwa hasira zangu zote sikuthubutu kumkatiza mama huyo. Ndipo akasema kwamba Minza amekaa na kile kidude tangu alipotoka kula na hakisemi kitu.

Nikakimbilia kwenye maandishi mekundu. Yalikuwa yamebadilika. Sasa yalisema ruhusa haipo kabisa.

Sijui kama niligonga mlango wa Mkuu. Nadhani niligonga nikiwa tayari nimeshaingia. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake, na kwenye kioo chake, nikayaona, maandishi mekundu yaleyale. Sikumsalimu. Nilimuuliza kama amegusa lango.

Akasema kwa upole ambao haukuwa wa kwake, "Nimeondoa yangu. Nimeona zinagongana na ya kwako."

"Na mimi nimeondoa yangu," nikasema.

Tukatazamana. Ndiyo mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Nisikilize, we shajara. Mtu huyo alifanya kitu kilekile nilichofanya mimi. Aliyaona maandishi, akajua ruhusa ni mbili, akajua ya kwangu hawezi kuigusa, akaondoa ya kwake kimyakimya ili asije akaniambia kwamba ya kwake ndiyo iliyoharibu. Mimi nikaondoa yangu kimyakimya ili nisije nikamwomba aondoe ya kwake. Watu wazima wawili, kila mmoja amemeza kiburi chake chumbani kwake na mlango umefungwa, na kati yetu ukuta wa matofali ya saruji ambao ukikohoa upande huu unasikika upande ule. Ningegonga ukuta ule kwa kidole, binti angekuwa anasikiliza.

Ungedhani hapo tuliona aibu tukarekebisha. Hatukurekebisha. Tulianza kubishana upya, safari hii kwa kusukumiana. Yeye anasema rudisha yako, iko mahali pake pazuri. Mimi nasema rudisha yako, umeshamwambia mkurugenzi ni ya kwako. Yeye anasema mimi ndiye niliyeanza. Mimi nasema yeye ndiye aliyehamisha. Maneno yenyewe yalikuwa ya adabu, "tafadhali" zilikuwa nyingi, na kila tafadhali ilikuwa na meno.

Simu yangu ilikuwa bado mkononi. Wakati wote huo matroni alikuwa hewani. Sikuwa nimekata, nilikuwa nimekimbia nayo tu. Nikamsikia akiniita, na kwa hasira, sijui nilitaka nini, nadhani nilitaka Mkuu asutwe na mtu mwingine, nikaiweka kwenye sauti kubwa juu ya meza yake.

Lakini matroni alikuwa ameshampa Minza kitochi.

"Shikamoo dada," Minza akasema. "Bado. Nimejaribu kubonyeza taratibu kama ulivyoagiza jana. Labda kweli ni mimi sibonyezi vizuri. Wasihangaike, nitakwenda hivyohivyo."

Marahaba haikunitoka.

Kama ulivyoagiza jana. Ni kweli, niliagiza. Jana jioni nikiwa nimekata tamaa na mistari yangu, nilimwambia matroni amwambie binti abonyeze tena, taratibu. Mimi niliyegombana kikaoni kwa ajili ya neno hilohilo. Nilipochoka nililiokota nikalitumia, na halikuniwasha ulimi.

Mkuu alikuwa anaiangalia ile simu juu ya meza. Akaigeukia kompyuta yake, akaingia langoni, akaanza kuandika. Alikosea, akafuta, akaandika tena. Katikati aliniuliza bila kugeuka, "Wewe ya kwako hujairudisha?"

"Sijaigusa."

"Usiiguse."

"Siigusi."

Ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza ya kikazi wiki nzima, na yangetosha tangu Jumanne. Nilisimama nyuma ya kiti chake mpaka alipohifadhi. Nikainamia simu nikamwambia Minza abonyeze. Nilisikia kishikwambi chake kikisema kwa ile sauti yake ya bati, "Cheza, kitufe." Kisha kimya kidogo, cha kawaida, cha mtandao wa kwetu. Kisha sauti ya mwalimu, kutoka kwenye kishikwambi, kupitia kitochi cha matroni, mpaka juu ya meza ya Mkuu, ikisema kwamba tuanze na moyo, moyo una vyumba vinne.

Kwa nyuma nikamsikia matroni akisema wabeja, wabeja sana, kama tumempa ng'ombe. Nikakata simu kwa sababu shukrani hizo hazikuwa zetu.

Ningeishia hapo ingekuwa siku nzuri. Ningeandika kwamba hasira imeisha, mimi na Mkuu tumepeana mikono, pamba inapendeza. Nilirudi mezani kwangu nikiwa nusu nimesamehe, kweli kabisa. Nilishaanza kufikiria kesho nitamsalimu mimi kwanza.

Kabla hatujafunga ofisi, simu ikalia. Kundi la ofisi, lile la WhatsApp lenye mkurugenzi na wafadhili ndani. Ujumbe wa Mkuu. Kwamba changamoto ya sauti imetatuliwa na kitengo chake, na kwamba ilitokana na matumizi.

Ilitokana na matumizi.

Matumizi ni nani? Kwenye shule ile anayetumia kwa sasa ni mmoja. Mkuu aliisikia sauti ya binti kwa masikio yake mawili ikisema labda ni mimi, akatengeneza kama binadamu, halafu akakaa chini na kuandika kwamba ni binti. Neno dogo, safi, la ripoti. Halimtaji mtu, na limemtaja. Watu wakaanza kuweka vidole gumba chini yake. Hongera Mkuu. Kazi nzuri Mkuu.

Niliandika jibu la kwanza, lilikuwa na matusi, nikalifuta. La pili lilieleza lango na ghala na nani alifuta nini, lilikuwa refu na lilikuwa linanitetea mimi, nikalifuta pia. La tatu nililituma. Nalinakili hapa kama lilivyo, ili nisije nikalipamba baadaye: "Haikutokana na matumizi. Mwanafunzi alibonyeza vizuri siku zote. Ilitokana na mimi na Mkuu kutosalimiana. Kila mmoja aliweka ruhusa bila kumwambia mwenzake, na kila mmoja akaiondoa bila kumwambia mwenzake. Jana mimi mwenyewe nilimwagiza abonyeze taratibu. Nilikosea."

Vidole gumba vikakoma. Mkurugenzi amesoma. Mkuu amesoma. Nimezima simu nimekuja nyumbani.

Sijui kesho nitakuta nini. Inawezekana nikaitwa. Inawezekana nikanyang'anywa nywila ya ghala, na kama ni hivyo nitamfundisha atakayeipokea kwamba mstari ni mmoja na unaandikwa baada ya kuulizana. Salamu ya Mkuu nitaitoa. Nitagonga mlango, nitangoja, nitasema habari za asubuhi, nitamuuliza watoto. Kisha nitamwambia afute neno lile mbele ya walewale aliowaandikia. Hasira ninayo bado, sijaiacha njiani, ila sasa nitakwenda nayo kwa mpangilio wa bibi yangu.

Jua limekaribia kuzama na jirani anaita kuku wake. Naandika haraka.

Minza, najua kishikwambi cha shule hakifungui ukurasa huu. Lakini utafunga shule, utakwenda Sola, na kaka yako ana simu inayosoma maandishi kwa sauti, uliniambia. Siku hiyo simu ikikusomea maneno haya, iache ifike mpaka mwisho. Hukukosea kubonyeza. Hukukosea siku ya kwanza, wala jana, wala leo. Ulipiga hodi vizuri, tena ulirudia kwa uvumilivu ambao mimi sina. Waliokuwa ndani ndio walikuwa wamenuniana.

Marahaba, mdogo wangu. Leo mchana sikukuitikia.

Kesho ni Biolojia.